Fuvu Alilolizika Shangazi

Kisangani, 14 Januari 2024

Papa mupendwa,

Nimepata motard wa Lubunga anayekuja Ubundu kesho na pikipiki yake, donc ninaandika haraka mbele hajabadili mawazo. Hapa kwa Shangazi Kadidja tuko wazima wote. Umeme unakuja na kwenda namna yake, na ile simu unayokataa kununua ingetusaidia sana, lakini najua utasema barua inafundisha mwandiko.

Papa, anatomie inanitesa. Uliponituma kusoma niwe munganga wa hospitali nilifikiri nitafundishwa kuponya watu. Kumbe mwaka wa kwanza ni kuhifadhi tu. Kila mufupa una jina, kila tundu la mufupa lina jina, na kila kinachopita ndani ya tundu kina jina, yote kwa Kifaransa. Sehemu ngumu kuliko zote ni upande wa chini wa fuvu, ule unaokaa juu ya shingo. Umejaa matundu kama kichujio, na Professeur Constant anataka kila tundu na mushipa wake. Wakubwa wetu wanasema ni somo hilo linalorudisha watu kwao kila mwaka.

Mimi nilijisemea: niko binti ya Mwalimu Mahmoudi, nimekulia ndani ya chuo chako cha Kurani, nilihifadhi juzuu kumi mbele ya kwenda lycée. Hawa watoto wa Makiso, wa katikati ya muji, watanionyesha nini? Basi nikayashika matundu yote kwa sauti, nikiyumba vilevile kama tulivyoyumba kwako juu ya mukeka. Siku ya interro, jaribio la mudomo, professeur akaniita mbele ya auditoire nzima, akanionyesha tundu moja la katikati. Nilijua yote, Papa, lakini mulango wangu wa kuingilia ulikuwa mumoja tu, wa mwanzo. Nikaanza tangu tundu la kwanza, mbio mbio, nipate kufika pale. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Professeur akaniuliza kama mugonjwa akivuja damu nitamwomba angoje nimalize kusoma.

Nimeona haya sana. Mutihani wenyewe ni wa mudomo, mwezi wa tatu, ndani ya Ramadhani. Nikianguka pale, mwaka wote unaanguka na mimi. Tumepewa kifaa cha kujifunzia nyumbani, mimi na Patricia, yule rafiki yangu wa Kindu. Nitakueleza siku nyingine ni kifaa gani. Usimwambie Shangazi kama nilichekwa.

Mutoto wako,
Karima

*

Kisangani, 16 Januari 2024

Yaya Mahmoudi,

Kaka yangu, barua hii uisome peke yako, wanafunzi wasiione. Iko neno limeingia nyumbani. Nilikuwa nafagia, nikakuta ndani ya mufuko wa mchele kichwa ya mutu. Kichwa kamili, Yaya, mufupa mutupu, na meno yake ingali mingi. Usiniulize ni chumba gani. Sijamuambia mutu, hata Karima sijamuambia. Niliufunga mufuko vilevile, nikaurudisha vilevile, na tangu siku ile ninalala kwa jirani Solange. Nimemudanganya kama paa langu linavuja.

Wewe njo mwalimu wetu, si mwingine. Niambie sheria inasema nini. Nikitupe mutoni? Nikipeleke kwa polisi? Mimi naona huyu mutu alikuwa na mama yake, hakuzaliwa kuja kukaa na mchele. Nijibu upesi, na mambo ya aliyekileta uniachie mimi.

Dada yako,
Kadidja

*

Ubundu, 22 Januari 2024

Dada yangu Kadidja,

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutenda. Mfupa wa mtu ni mtu. Usitupwe mtoni, na polisi hawana la kufanya nao ila kuusahau kabatini. Nyumba ile babu yetu aliijenga zamani za misafara, hatujui chini yake amelala nani, na mvua za mwaka huu zinafukua hata tusivyovitaka. Uoshwe, ufungwe kwa kitambaa cheupe, uzikwe kwenye makaburi yetu, na Mzee Jafari wa msikitini amwombee dua. Dini yake sisi hatuijui, Mungu anaijua.

Katika hili sina shaka wala nusu ya shaka. Mtu akikuuliza nani ameamuru, mwonyeshe barua hii. Saini yangu iko chini.

Ndugu yako,
Mwalimu Mahmoudi

*

Ubundu, 22 Januari 2024

Binti yangu Karima,

Nimecheka na mimi, nisamehe. Nimecheka kwa sababu naujua ugonjwa wako na dawa yake ninayo. Ulitoka kwangu kwenda lycée kabla sijakufikisha kwenye kukata. Utakumbuka wale wakubwa waliokuwa wakikaa mbele yangu alasiri, mimi nawatupia nusu ya aya kutoka popote panaponijia, na wao waendelee kutoka hapohapo bila kurudi nyuma. Huko ndiko kukata. Wewe ulikuwa ukichungulia na kusema Papa anawatesa watu. Nilikuwa nawatesa kweli, lakini hakuna hata mmoja wao anayepotea leo ukimwamsha usingizini.

Mtafute mtu akukate. Akukate kutoka kati, kutoka mwisho, ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, ukiwa umebeba maji. Huyo Patricia anatosha, na wewe umkate yeye. Midundo na kuyumba visikudanganye, hivyo ni vya kuanzia tu.

Na haya zako ziweke chini. Wewe ni mjukuu wa watu waliotoka Kasongo na Kitabu kizima kichwani, wakati karatasi zilikuwa zikioza kwa mvua njiani. Matundu ya fuvu moja hayatatushinda sisi.

Papa yako,
Mwalimu Mahmoudi

*

Kisangani, 3 Februari 2024

Papa,

Leo sina salamu nyingi. Kile kifaa nilichokuficha ni fuvu. Fuvu la mutu, mali ya maabara ya fac yetu ya uganga, tuliloazimwa Patricia na mimi tujifunzie mpaka mutihani. Nililiweka chini ya kitanda changu ndani ya mufuko wa mchele, Shangazi asije akashtuka.

Jana nimerudi toka cours nikakuta mufuko umekunjwa vizuri na chumba kinanukia ubani. Shangazi akanikalisha, akanishika mikono miwili, akaniomba niseme ukweli: ni nani ameniingiza mambo ya kindoki, ya uchawi. Akasema hatanifukuza, hatamwambia mutu, tutaombewa na itakwisha. Alikuwa analia, Papa. Nilipomweleza kama ni mambo ya masomo akasema basi, mutu ameshazikwa, Mzee Jafari amemwombea. Akaniletea barua yako. Saini yako iko chini, kubwa, na mustari wake wa kuzungusha.

Assistant Landry, anayelinda mifupa ya maabara, ametuambia wazi: fuvu lisiporudi, Patricia na mimi hatuingii mutihani. Nilimuomba Shangazi tulifukue. Alisimama mulangoni akasema hilo ni neno la kaka yake, na neno la kaka yake halifukuliwi. Patricia tangu jana hasemi na mimi, na ana haki, maana yeye hakumuzika mutu.

Basi wewe ndiye uliyefunga, wewe fungua. Andika kwa mukono uleule kwamba lifukuliwe. Nina hasira na wewe, Papa. Sijui namna ya kuiandika kwa heshima, ndiyo maana nimeiandika hivyo.

Karima

*

Ubundu, 10 Februari 2024

Binti yangu Karima,

Hasira yako nimeipokea, na heshima iliyokuwemo inatosha.

Sitaandika kwamba lifukuliwe. Ningejua fuvu limetoka wapi jibu langu lingekuwa lingine, ningesema lirudi kwa wenyewe, na shangazi yako ningemwambia akuulize wewe kabla ya kuniuliza mimi. Sikujua, na yeye alinificha chumba kwa sababu alikuwa anakulinda. Alifikiri umepotea, akaamua kukubeba na upotevu wako. Umwangalie kwa jicho hilo. Lakini sasa mtu yule amelazwa kwa dua, na mimi sitamtoa kaburini ili binti yangu apite mtihani. Nikifanya hivyo, kesho nitawafundisha nini watoto wa watu? Uniwie radhi. Kama leo huwezi, uniwie kesho.

Ila neno lilitoka kwangu, basi mzigo ni wangu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ni ya Professeur Constant. Nimeiandika kwa Kiswahili maana Kifaransa changu ni cha kununulia chumvi. Simama mbele yake umtafsirie kila neno, hata yale yasiyokupendeza. Nimemwambia aliyezika ni mimi. Dada yangu, wewe na Patricia hamna kosa. Nimemwambia pia akuulize bila fuvu, kwa sababu binti yangu halihitaji.

Hapo najua nimeringa. Kuringa kwangu sasa kumekuwa kazi yako.

Papa yako,
Mwalimu Mahmoudi

*

Kisangani, 27 Februari 2024

Papa mupendwa,

Nimemusomea professeur barua yako ofisini kwake, mimi nimesimama, Patricia nyuma yangu ameshika rozari ndani ya mufuko wa blouse. Nilipofika pale kwenye "binti yangu halihitaji" sauti ilitaka kukimbia, lakini nilitafsiri. Professeur alivua miwani. Akasema miaka yote wanafunzi wamemuambia fuvu limeanguka mutoni, fuvu limeibiwa, fuvu limeungua na nyumba, lakini kuzikwa kwa amri ya mwalimu wa Kurani, hilo hajasikia. Akaiomba barua aihifadhi.

Halafu akakata shauri. Tutaingia mutihani sote wawili. Wenzetu watajibu wakiwa na fuvu mikononi, sisi tutashika hewa. Patricia akatangulia kusema merci.

Bon, sasa tunakatana. Tunakatana kwenye bomba la maji, tunakatana ndani ya pirogue tukivuka kwa dada yake kule Lubunga, mupiga kasia anafikiri tunagombana. Shangazi naye hataki kuomba radhi kwa mudomo, unamujua. Lakini juzi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nikasikia sauti yake toka chumbani: "Tulu ovali." Nikabaki na muchi juu: ndiyo trou ovale, moja ya matundu yetu. Amekuwa akitusikiliza siku zote, ameshika majina bila kujua ni nini. Nikamujibu kinachopita pale, akaguna, akaendelea na pasi yake. Sasa ananikata hata nikiwa na tonge mudomoni, na kama jibu silo hajui, lakini nikisitasita tu anasema rudia.

Na iko kitu kimebadilika. Jana Patricia amenikata toka kati na sikurudi mwanzo. Nilijikuta nimefika palepale, kama mutu anayetembea gizani ndani ya nyumba yao. Matundu ya nyuma bado yananichanganya. Hasira yangu imebaki kidogo tu, na hiyo kidogo naitumia kusomea.

Karima

*

Kisangani, 21 Machi 2024

Papa,

Ninaandika mbele ya kufuturu.

Mutihani umekuwa leo. Habari ilikuwa imeshatembea kwamba wale wasichana wa fuvu la kuzikwa wanaingia, basi hata watu wa mwaka wa pili walikuja kusimama madirishani. Patricia alitangulia. Alijibu yote akiwa amefumba macho, akatoka bila kuniangalia, nikajua ameogopa nisije nikasoma kitu usoni mwake. Halafu mimi.

Professeur aliniambia nilishike. Nikainua mikono, nikaligeuza, upande wa chini ukaangalia juu. Kati ya vidole vyangu palikuwa na nafasi ya kichwa kamili, na nakuapia nilisikia uzito wake. Wale wa madirishani wakaanza kucheka. Professeur akaleta ncha ya kalamu hewani, karibu na kidole gumba changu cha kushoto, akauliza trou ovale hii inapitisha nini. Jibu nilikuwa nalo mudomoni, ni mushipa wa taya ya chini, hata Shangazi angelijibu. Lakini niliiangalia kalamu. Nikasema, "Professeur, pale siyo ovale. Uko nyuma kidogo, na nje kidogo. Pale uko ndani ya trou épineux, inapitisha artère méningée moyenne."

Ni tundu jirani, Papa, lenye mushipa wa damu unaolisha ngozi ya ubongo. Hakuna aliyecheka. Nikafikiri nimejimaliza mwenyewe. Halafu akasogeza kalamu mbele, polepole, akauliza, "Hapa?" Nikasema ndiyo, hapo. Basi tukaondoka, Papa. Toka pale akaruka nyuma, toka nyuma akaruka karibu na pua, akarudi kati, hakufuata njia yoyote, na kila alipotua mimi nilikuwa nimeshafika.

Mwisho akaniambia naweza kuliweka chini. Nikainama, nikaliweka juu ya meza kwa mikono miwili, taratibu. Na assistant Landry, ambaye alitufungia mulango mwezi uliopita, akasogeza vitabu vyake kulipatia nafasi.

Matokeo yatabandikwa baadaye, na mutu hawezi kujua, yeye ni mukali na point zake. Lakini nimeona fahari. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nisiipoteze ndani ya taksi. Shangazi ameniita, muezini anaadhini.

Mutoto wako,
Karima

*

Ubundu, 29 Machi 2024

Karima,

Barua yako imefika katikati ya darsa. Nilitoka nje kuisoma, nikarudi, nikajaribu kuendelea, nikashindwa. Nikawaruhusu wanafunzi waende zao. Wamekushukuru sana.

Mimi ni mtu wa kuficha furaha. Mama yako, Mungu amrehemu, alinilaumu kwa hilo mpaka mwisho. Leo sifichi. Nimeitembeza barua yako stesheni, nimeipeleka kwa mwenye duka la mafuta, nimeipeleka hata kwa padri, naye ameomba kuisoma mara ya pili. Nimewasomea wote pale ulipomrekebisha professeur ndani ya hewa. Vijana wa hapa wameanza kuniita Papa Fuvu. Nimelikubali jina.

Upite au usipite, nakuonea fahari, na nataka uwe nayo kwa maandishi. Lakini nataka kupita kwako, siwezi kukudanganya. Pikipiki ikisikika mbali naacha kila kitu naenda barabarani. Mwambie shangazi yako aandike yeye matokeo yakitoka. Wewe mambo yakiwa mabaya utayatia sukari, yeye hatatia.

Papa yako,
Mahmoudi

*

Kisangani, 7 Aprili 2024

Yaya Mahmoudi,

Umesema niandike mimi, basi soma.

Karima hakutaka kwenda kuangalia. Alisema tumbo, akasema saumu, akasema Patricia atamuangalilia. Mimi nikavaa kikwembe changu cha Idi, na Idi yenyewe haijafika, nikapanda moto, pikipiki ya kulipia, mpaka kule fac. Matokeo wanabandika pa ubao, wao wanaita valves, na wanafunzi wanasukumana pale kama kwa nyama ya sadaka. Nikawaambia muniachie njia, mimi iko mama ya watu. Wakaniachia.

Nilianza kusoma toka chini, maana niliogopa kuanza juu halafu nishuke. Nikapanda, nikapanda. Majina ya chini ilikuwa mingi na pembeni yao iko alama ya kuanguka. Patricia nikamukuta katikati, amepita. Karima simuoni. Nikapanda tena, nikasema ndani ya roho yangu, Kadidja, wewe njo umemuua huyu mutoto na kitambaa chako cheupe. Yaya, nikamukuta juu, karibu ya kichwa cha karatasi. Anatomie, kumi na saba juu ya makumi mbili. Nikapiga vigelegele. Mulinzi akakuja mbio akifikiri iko mutu amekufa, akanikuta ninalia, akaniletea kiti.

Ngoja, iko ingine. Yule kijana Landry akatoka, akaniuliza kama ni mimi shangazi ya Karima. Nikasema njo mimi, mimi niliyezika. Akasema semestre ya pili Karima anahitaji fuvu lingine, professeur amekubali, lakini safari hii mukubwa wa nyumba atie saini ya kulidhamini. Akaleta karatasi. Fuvu lenyewe lilikuwa juu ya meza, linaniangalia. Sikuogopa. Nikamusalimia, nikamuambia anakuja kwetu kumufundisha mutoto, akimaliza kazi atarudi kwake, na hapa katikati hakuna mutu atamuzika bila kuuliza. Landry aligeuka dirishani, sijui alikuwa anacheka.

Nikajaza karatasi. Jina, nikaweka. Avenue na namba ya nyumba, nikaweka. Chini yake wanauliza kazi. Wewe unajua, maisha yangu yote naandika pale muuza mchele, na sioni haya, mchele ule umetulisha. Lakini kalamu ilisimama. Landry akanikumbusha kwa upole kama pale pia ni lazima kujaza.

Nikaandika: shangazi wa munganga.

Dada yako,
Kadidja